Paul Ehrlich: Dawa aliyoitafuta ilikaa miaka miwili kwenye kabati lake

Mwaka 1907, katika maabara moja mjini Frankfurt, Ujerumani, wanakemia walitengeneza unga wa rangi ya manjano. Kwenye daftari wakauandika kwa namba: 606. Ukapimwa, majibu yakaja kwamba hauna lolote la maana. Ukawekwa kabatini na kazi ikaendelea.

Miaka miwili baadaye unga huohuo ukawa dawa ya kaswende, ugonjwa uliokuwa ukiua, ukipofusha na kuwatia watu wazimu duniani kote. Kabla ya hapo wagonjwa walipewa zebaki, ambayo ni sumu, na wengi iliwaumiza bila kuwaponya.

Mkuu wa maabara hiyo alikuwa Dk Paul Ehrlich. Kama umewahi kusikia kwamba wanasayansi hupima maelfu ya kemikali ili kupata dawa moja, basi huyu ndiye mmoja wa walioianza kazi hiyo.

Mwanafunzi wa rangi

Ehrlich alizaliwa Machi 14, 1854 katika mji wa Strehlen, ambao leo uko Poland na unaitwa Strzelin. Familia yake ilikuwa ya Kiyahudi.

Akiwa anasomea udaktari, kilichomvutia zaidi ni rangi za viwandani, zile za kutia nguo. Aliziweka kwenye vipande vya nyama ya mwili, kisha akachungulia kwa darubini. Akagundua kwamba rangi haishiki kila mahali. Moja inashika seli hii na kuiacha ile, nyingine inashika kijidudu na kuacha kila kilichokizunguka.

Hapo ndipo wazo lake kubwa lilipozaliwa. Kama kuna rangi inayoshika kijidudu peke yake, kwa nini isiwepo sumu inayoua kijidudu peke yake na kumwacha mgonjwa salama? Aliifananisha na risasi ya ajabu, inayompata adui tu hata akiwa katikati ya umati.

Mwaka 1891, yeye na mwenzake waliwapa wagonjwa wawili wa malaria rangi ya bluu ya methilini, na wagonjwa hao wakapata nafuu. Wazo likaonekana si ndoto.

Malale yaingia kwenye hesabu

Maabara ya Ehrlich ilianza na vimelea vya jamii ileile inayosababisha malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o. Waliwaambukiza panya, kisha wakajaribu rangi moja baada ya nyingine, zaidi ya 100. Mwaka 1904 Ehrlich na Mjapani Kiyoshi Shiga walipata rangi nyekundu iliyoponya panya. Ila kwa vimelea vya aina nyingine haikufua dafu.

Wakati huohuo malale yalikuwa yanateketeza watu kando ya Ziwa Victoria. Mwaka 1906 daktari maarufu wa Kijerumani, Robert Koch, alipiga kambi katika Visiwa vya Ssese, Uganda. Akawa anawachoma wagonjwa sindano za atoksili, dawa yenye aseniki. Vimelea vilipungua kwenye damu, lakini baadhi ya wagonjwa wakapofuka kabisa.

Yaani dawa ilikuwa inampiga adui na mwenye nyumba kwa pamoja. Ehrlich aliona kazi iliyobaki ni kuibadilisha: aongeze kitu hapa, aondoe kitu pale, mpaka ibaki na makali kwa kimelea na upole kwa binadamu.

Mwaka 1907 yeye na mwanakemia Alfred Bertheim wakaonyesha kwamba muundo wa atoksili uliokuwa ukiaminika haukuwa sahihi. Baada ya kuujua muundo wa kweli, njia ikawa wazi ya kutengeneza ndugu zake kwa mamia.

Utaratibu wa kazi

Fedha zilitoka kwa Franziska Speyer, mjane wa tajiri wa benki, aliyewezesha kujengwa kwa taasisi ya Georg-Speyer-Haus iliyofunguliwa mwaka 1906.

Kila kemikali ilipewa namba. Kila moja ilipimwa kwa wanyama waliougua, na maswali yalikuwa mawili: ni kiasi gani kinaponya, na ni kiasi gani mnyama anaweza kuvumilia? Kama kiasi cha kuponya kinakaribia kiasi cha kudhuru, hiyo haifai, hata kama inaua vimelea vyote. Kipimo hicho cha pengo kati ya tiba na sumu bado kinatumika hadi leo.

Ehrlich mwenyewe alikuwa mkali wa kazi na mvutaji mkubwa wa sigara. Kila siku aliwaandikia wasaidizi wake maelekezo kwenye vikadi vya rangi, na alitaka yafuatwe kama yalivyo.

Mwaka 1908 akapata Tuzo ya Nobel, pamoja na Élie Metchnikoff, kwa utafiti wa kinga ya mwili. Kwa wengi huo ndio mwisho wa safari. Kwake bado.

Mgeni kutoka Japani

Mwaka 1909 akaja daktari kijana kutoka Japani, Sahachiro Hata. Alikuwa na ujuzi uliokosekana Frankfurt: alijua kumwambukiza sungura kaswende. Kijidudu cha ugonjwa huo kilikuwa kimegunduliwa mwaka 1905 tu.

Ehrlich akamwomba apime upya kemikali za zamani, zikiwemo zile zilizokwisha kukataliwa. Hata akaanza, moja baada ya nyingine, bila kuruka.

Agosti 31, 1909 ikafika zamu ya 606. Sungura mwenye vidonda vya kaswende akachomwa sindano moja. Kesho yake hakukuonekana kijidudu hai hata kimoja. Baada ya wiki chache vidonda vikapona.

Kumbe shida haikuwa kwenye unga. Shida ilikuwa kwenye kipimo cha kwanza.

Sifa na lawama

Aprili 1910 matokeo yakatangazwa kwenye mkutano wa madaktari mjini Wiesbaden. Maombi yakamiminika. Ehrlich hakukubali dawa iuzwe haraka. Kwanza dozi kama 65,000 zikagawiwa bure kwa madaktari, kwa sharti kwamba walete taarifa za wagonjwa wao. Baadaye kiwanda cha Hoechst kikaanza kuiuza kwa jina Salvarsan.

Haikuwa dawa rahisi. Unga uliharibika ukiguswa na hewa, kuuyeyusha kulihitaji umakini, sindano iliuma, na wapo waliodhurika na hata kufa. Mwaka 1912 akatoa toleo jingine, namba 914, rahisi zaidi kuandaa.

Maneno nayo yakaja. Wapo waliomshutumu kwamba anatajirika kwa sumu, na wapo waliomshambulia kwa sababu ni Myahudi. Mwaka 1914 suala hilo likafika mahakamani Frankfurt, na mwandishi aliyekuwa akimwandama akahukumiwa kifungo. Lakini afya ya Ehrlich ilikuwa imekwisha. Alifariki Agosti 20, 1915, akiwa na miaka 61.

Wanazi walipotawala waliliondoa jina lake kwenye mtaa wa Frankfurt. Mkewe, Hedwig, akalazimika kukimbia nchi. Baada ya vita jina likarudishwa.

Alichotuachia

Salvarsan ilitumika mpaka penisilini ilipoipiku miaka ya 1940. Suramini, iliyotibu malale Afrika Mashariki kwa miongo mingi, ilitokana na ukoo uleule wa utafiti wa rangi ulioanzia kwa panya wa Ehrlich.

Leo mashine hupima kemikali zaidi ya 10,000 kwa siku moja, na makabati ya namna hiyo yamejaa duniani. Ila kasi peke yake haitoshi. Kipimo kikiwa kibovu, dawa nzuri itapita mbele ya macho na kuandikwa haifai, kama ilivyokuwa kwa 606. Wagonjwa wa kaswende walisubiri miaka miwili zaidi kwa kosa hilo, na wangesubiri zaidi kama daftari na kabati vingetupwa.