PAUL ANDERSON: BINGWA ALIYETOKA SHIMONI

Mara nyingi tumewasikia askari vijana wakilalamika kuwa hawana vyuma vya kiwandani vya kujengea miili yao. Leo twapenda kusimulia maisha ya mtu ambaye hakungoja kuletewa.

Paul Anderson alizaliwa tarehe 17 Oktoba 1932 katika mji mdogo wa Toccoa, jimbo la Georgia, nchini Marekani. Alipokuwa mtoto wa miaka mitano hivi alishikwa na ugonjwa wa figo uliokaribia kumwua. Alipona, akakua, akaingia Chuo Kikuu cha Furman kwa ajili ya kipaji chake cha mpira wa Kimarekani. Hakudumu huko. Familia yake ilipohamia Tennessee, alikutana na Bob Peoples, mkulima aliyejitengenezea zana zake za mazoezi shambani, na ambaye mwaka 1949 aliinua kutoka ardhini kilo 329 hali yeye mwenyewe akiwa na uzito wa kilo 82 tu.

Kwa mtu huyo Anderson alijifunza kuwa zana bora ni ile inayofaa kazi, wala si ile inayong'aa. Alijaza saruji katika mapipa, akakusanya magurudumu na vyuma chakavu, akavifunga katika mtaimbo.

Lakini uzito si tatizo pekee. Mwenye kuchuchumaa na chuma mabegani hukabiliwa na maswali mawili: nani atamwekea chuma hicho mabegani, na nani atamwokoa magoti yakishindwa? Siku hizi kazi hiyo hufanywa na fremu ya nguzo nne zenye matundu. Pini za juu hushikilia chuma usawa wa kifua, na za chini hukidaka kikianguka.

Anderson hakuwa na fremu, alichimba shimo. Mapipa yalikaa ukingoni huku na huku, mtaimbo ukapita juu ya shimo, naye akasimama ndani, mabega chini ya mtaimbo. Kwanza aliinua mzigo mkubwa mno kwa kimo kidogo tu. Kisha, kadiri nguvu zilivyoongezeka, alirudishia udongo kidogo kidogo, ikambidi achuchumae zaidi, mpaka akaweza kuinuka na mzigo ule toka chini kabisa. Na aliposhindwa, ardhi ndiyo iliyoupokea mzigo.

Matunda yalionekana upesi. Mwezi wa Juni 1955 alikwenda Moscow na wenzake, wakati nchi hizo mbili zikitazamana kwa uhasama. Mbele ya maelfu ya watu, katika mvua, alisukuma juu ya kichwa kilo 182.5, nao Warusi wakamshangilia kama mtoto wao. Mwaka huo huo, huko Munich, akawa bingwa wa dunia.

Mwaka 1956, katika Michezo ya Olimpiki ya Melbourne, aliingia ulingoni akiwa na homa. Humberto Selvetti wa Argentina alikuwa amekwisha kufikisha jumla ya kilo 500. Anderson alibakiwa na jaribio moja: kilo 187.5. Aliuinua mzigo huo. Jumla zikalingana, naye akapewa dhahabu kwa kuwa mwili wake ulikuwa mwepesi kuliko wa mwenzake.

Baadaye alipokea fedha kwa maonyesho ya nguvu, jambo lililomfungia mlango wa Olimpiki ya 1960. Baadhi ya rekodi zilizotangazwa katika maonyesho hayo zimetiliwa shaka. Hata hivyo nguvu zake zilizaa jambo lisilo na shaka: mwaka 1961 yeye na mkewe, Glenda, walifungua huko Vidalia, Georgia, makao ya vijana waliokosana na sheria, ili wapate malezi badala ya jela.

Maradhi ya figo yalimrudia. Mwaka 1983 dada yake alimpa figo moja. Alifariki tarehe 15 Agosti 1994, akiwa na umri wa miaka 61.

Ndugu askari, tunapochagua vyuma vya mazoezi nyumbani, na tuanze na mtaimbo usiopinda na uzito tunaoumudu. Kisha, kabla ya kuongeza kilo hata moja, tuhakikishe kuna kitu imara kitakachoupokea mzigo tutakaposhindwa. Anderson, mwenye nguvu kuliko wengi wetu, alilikumbuka hilo kila alipoingia shimoni mwake.