Pinto hakuuliza aliyeonewa ni wa kabila gani

Ufikapo mwezi wa Februari, wapo vijana katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi ambao hukutana katika kumbi na vituo vya haki za kijamii kumkumbuka hayati Pio Gama Pinto. Tangu vita vya Gaza vilipozuka mnamo Oktoba 2023, bendera ya Wapalestina nayo imepata mahali katika mikutano ya namna hiyo. Wapo wazee, na hata walimu, wanaoliona jambo hili kuwa kichekesho. Wao huuliza kijana wa Kayole, ambaye mfereji wa kwao hautoi maji, ana lipi la kumhusu huko Gaza.

Swali hilo si la kupuuzwa. Hata hivyo, naamini kwamba jibu lake limo katika maisha ya huyo huyo anayekumbukwa.

Pinto alizaliwa Nairobi tarehe 31 Machi 1927, wazazi wake wakiwa Wagoa. Wakati huo Goa ilikuwa koloni la Wareno katika pwani ya magharibi ya India. Akiwa na umri wa miaka minane alipelekwa India kusoma, na huko ndiko alikopevukia kisiasa. Alifanya kazi katika idara ya posta na simu mjini Bombay, akashiriki mgomo wa wafanyakazi, kisha akajiunga na wale waliokuwa wakidai Wareno waondoke Goa. Hatari ya kukamatwa ilipomkaribia, alirejea Kenya mnamo 1949.

Nairobi aliyoikuta ilikuwa imegawanywa kwa rangi. Wazungu walikaa juu, Wahindi na Wagoa wakakaa kati, naye Mwafrika akasukumwa mashariki ya mji, katika mitaa ya Pumwani, Shauri Moyo, Makongeni na Kaloleni. Mtu wa kabila la Pinto angeweza kujipatia kazi ya ukarani, akajenga nyumba, akanyamaza. Yeye alianza kwa kujifunza Kiswahili, kisha akawaendea wafanyakazi na viongozi wao.

Mnamo tarehe 23 Aprili 1950, katika ukumbi wa Kaloleni, chama cha Wahindi na kile cha Waafrika, yaani KAU, vilifanya mkutano wa pamoja. Hapo ndipo Makhan Singh, Mhindi aliyekuwa kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, alipotoa hoja ya kudai uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki. Haikupita hata mwezi kabla ya yeye na Fred Kubai kukamatwa, na wafanyakazi wa Nairobi wakagoma kwa siku kadhaa. Makhan Singh hakuonja uhuru wake hadi 1961. Pengo aliloliacha lilihitaji watu wa kuliziba, naye Pinto akawa miongoni mwao.

Kazi aliyoifanya haikuwa ya kushangiliwa. Alishinda ofisini mwa chama cha Wahindi akiandika barua, akahariri gazeti la Daily Chronicle, akasaidia vyama vya wafanyakazi kupanga mambo yao. Serikali ilipotangaza hali ya hatari mnamo Oktoba 1952, alitafuta mawakili wa kuwatetea walioshtakiwa, akapeleka nje ya nchi habari za mateso yaliyokuwa yakifanyika. Aidha, kwa siri, aliwasaidia wapiganaji wa msituni kupata fedha na silaha. Hatuna haja ya kulificha hilo ili kumfanya aonekane mpole zaidi. Aliamini kwamba amani isiyo na haki ni ukimya tu wa mwenye kukanyagwa.

Mwezi wa Aprili 1954 majeshi yaliizingira mitaa ya Eastlands. Wanaume walitolewa majumbani, wakapangwa foleni, wakapitishwa mbele ya watoa habari waliofunikwa magunia vichwani. Zaidi ya watu 20,000 wa jamii za Wakikuyu, Waembu na Wameru walipelekwa kizuizini katika msako huo. Pinto, ambaye alikuwa amemwoa Emma Dias tarehe 9 Januari mwaka huo, alikamatwa tarehe 19 Juni. Ndoa yake ilikuwa na umri wa miezi mitano. Alizuiliwa katika kambi ya Takwa, kisiwani Manda karibu na Lamu, kisha akawekewa mipaka huko Kabarnet hadi 1959.

Alipoachiliwa hakutafuta mapumziko. Alijiunga na KANU, akaanzisha magazeti ya chama, akazishughulikia familia za wale waliokuwa bado kizuizini. Wakati huo huo aliendelea kuidai Goa, ambayo utawala wa Wareno ulikoma Desemba 1961, na akawaunga mkono wapigania uhuru wa Msumbiji, waliokuwa chini ya Wareno hao hao. Mnamo 1964 aliingia katika Bunge la Kenya, na humo akasimama upande wa waliosema kwamba uhuru bila ardhi kwa maskini ni uhuru nusu.

Mwaka huo wa 1964, Mmarekani mweusi Malcolm X alifika Gaza mwezi wa Septemba na kuzuru kambi ya wakimbizi wa Kipalestina. Mwezi uliofuata alikuwa hapa Nairobi. Aliuawa kwa risasi mjini New York tarehe 21 Februari 1965. Siku tatu baadaye, tarehe 24, Pinto naye alipigwa risasi mbele ya nyumba yake, bintiye mdogo akiwa ndani ya gari. Alikuwa na umri wa miaka 37. Kijana mmoja alihukumiwa, akakaa gerezani hadi 2001, akishikilia siku zote kwamba hakuua. Waliotuma bunduki ile hawajapata kufikishwa mahakamani. Mjane na mabinti watatu walihamia Kanada.

Basi turudi kwenye lile swali la wazee wetu. Gaza na Kenya zina uhusiano gani? Mwalimu wa historia anaweza kuanzia Uasin Gishu. Mnamo 1903 serikali ya Uingereza ilikitolea chama cha Wazayuni eneo hilo la nyanda zetu za juu ili Wayahudi waliokuwa wakiteswa Ulaya wapate makao. Wanandi na wafugaji wengine wenye malisho yale hawakuulizwa. Wazayuni wenyewe walikataa zawadi hiyo mnamo 1905, macho yao yakabaki Palestina. Mnamo 1948 Wapalestina wapatao 700,000 walipoteza makao yao. Mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Na wembe huu ulipita karibu sana na kichwa chetu.

Hata hivyo, Pinto anatufunza mambo mawili zaidi, nayo ni magumu kuliko kupeperusha bendera.

La kwanza ni kwamba kumtetea anayeonewa si kuichukia jamii ya mwenye kumwonea. Pinto alikuwa na jina la Kireno, akapinga utawala wa Kireno bila kuwachukia Wareno. Kijana anayewalilia maelfu kwa maelfu ya Wapalestina waliouawa Gaza hana budi pia kuwahesabu kuwa binadamu wale watu 1,200 hivi waliouawa Israeli tarehe 7 Oktoba 2023. Huruma inayochagua maiti si ile iliyompeleka Pinto Manda.

La pili ni kwamba aliye mbali hatetewi kwa kumsahau aliye karibu. Pinto aliishughulikia Goa na Msumbiji, lakini mfungwa wa Nairobi asiye na wakili hakumkosa. Tukikutana Dandora kwa ajili ya Gaza, na tuwataje pia vijana wetu waliouawa na waliotekwa nyara wakati wa maandamano ya 2024. Tuulize mama zao wana wakili gani, na nani amewaandikia barua. Mkutano ambao hauachi nyuma yake barua wala mchango wala faili lililofunguliwa umekuwa burudani tu.

Pinto amelala katika makaburi ya City Park. Karibu naye amezikwa Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais mnamo 1966, ambaye alitaka kulala jirani na rafiki yake. Walimu wawapeleke wanafunzi huko, na siku hiyo hiyo wawapitishe Kaloleni. Wasiwape tarehe za kukariri pekee. Wawatake kila mmoja aandike jina la mtu asiye wa kabila lake, wala wa dini yake, wala wa mtaa wake, aliyepata kumsaidia kwa jambo la kumgharimu. Atakayebaki na karatasi tupu bado ana kazi ya kufanya kabla ya Februari ijayo.