Charles Dalziel, mwalimu aliyepima makali ya stima

Sisi wa Garsen tukitaka kuingia mto Tana, kwanza tunaangalia mamba na kiboko. Lakini siku hizi kuna adui asiye na meno. Wiki jana nilimkuta kijana akizamia kuondoa takataka kwenye pampu ya umeme ya shamba, na waya una moto. Nikamwita atoke, akanicheka. Hapo nikamkumbuka mtu niliyemsoma chuoni nilipochukua diploma ya umeme.

Charles Dalziel alizaliwa California, Marekani, mwaka 1904, akawa profesa wa uhandisi wa umeme katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Swali lake lilikuwa jepesi kulisema, zito kulijibu: umeme kiasi gani humshinda binadamu? Watu waliojitolea walishika waya kwa mikono iliyoloweshwa maji ya chumvi, naye akapandisha umeme kidogo kidogo mpaka vidole vikakataa kuachia. Wastani kwa wanaume ulikuwa miliampea 16 hivi, kwa wanawake 10.5. Balbu ya wati 60 hapa kwetu hula 250!

Basi fikirini. Nchi kavu, aliyenaswa huenda mwenzake akawahi kuzima swichi. Majini, misuli ikikaza huwezi kuogelea. Unazama kabla stima yenyewe haijakuua.

Mwaka 1961 Dalziel akabuni kifaa kinacholinganisha umeme unaokwenda na unaorudi. Unaorudi ukipungua miliampea 5 tu, maana yake unavuja mahali, pengine mwilini mwa mtu, nacho hukata papo hapo. Mwaka 1968 kanuni za umeme za Marekani zikakitaka kwenye taa za ndani ya mabwawa ya kuogelea. Mzee alifariki 1986, na wazo lake hadi leo linawalinda wapiga mbizi wanaofanya kazi na vifaa vya umeme.

Yule kijana alitoka hatimaye. Tukazima swichi kubwa, mimi nikasimama pale pale kuilinda isiwashwe, naye akarudi majini akamaliza kazi.

Enyi wenye mashamba kandokando ya Tana, kifaa hicho bei yake haifiki ya mbuzi. Kifungeni, na kila mwezi mbonyeze kidude chake cha kujaribu. Hata kikiwepo, mtu asizamie kabla stima haijazimwa. Roho ya mtoto wa mwenzako ni amana.