Andrew Carnegie na Mlango wa Maktaba

Mji wa Dunfermline, Uskoti, uliishi kwa kufuma kitani. Humo ndimo alimozaliwa Andrew Carnegie tarehe 25 Novemba 1835, katika nyumba ndogo ambayo chumba chake cha chini kilikuwa karakana ya babake. William Carnegie alifuma kwa mikono na hakuwa na mali, lakini alikuwa miongoni mwa wafumaji wachache waliochanga vitabu vyao na kuanzisha maktaba ya kuazimana mjini humo. Wasimulizi wa maisha ya mwanawe aghalabu hulipita jambo hili upesi, ilhali lina uzito: kwa Carnegie, wazo la maktaba lilitoka kwa mafukara kabla ya kumfikia tajiri.

Mitambo ya mvuke ilipowapokonya wafumaji riziki yao, jamaa hiyo ilihamia Marekani mwaka wa 1848 na kutua Allegheny, mji uliotenganishwa na Pittsburgh na mto. Andrew aliajiriwa katika kiwanda cha pamba kwa ujira wa dola 1.20 kwa juma. Baadaye akawa tarishi wa ofisi ya telegrafu. Shule ilikwisha mpita.

Wakati huo Kanali James Anderson, mkazi wa Allegheny aliyekuwa na vitabu takriban 400, alikuwa akiifungua maktaba yake kila Jumamosi ili vijana wa kazi waazime kitabu kimoja kimoja. Maktaba hiyo ilipopanuka, ikaamuliwa kuwa watakaoazima bure ni wanagenzi wa kazi za mikono tu. Matarishi walitakiwa kulipa dola 2 kwa mwaka. Mnamo mwaka wa 1853, akiwa na umri wa miaka 17, Carnegie alipeleka malalamiko yake kwa gazeti la Pittsburgh Dispatch, na baada ya majibizano akaruhusiwa kuingia. Mtu aliyekuja kujenga maelfu ya maktaba aliwahi kuzuiwa mlangoni mwa mojawapo.

Utajiri wake ulitokana na reli, madaraja na hatimaye chuma cha pua. Mwaka wa 1901 aliiuza kampuni yake kwa J. P. Morgan kwa dola milioni 480.

Maktaba ya kwanza aliyoifadhili ilikuwa ya Dunfermline kwao. Mamake, Margaret, ndiye aliyeweka jiwe la msingi mwaka wa 1881, na milango ikafunguliwa mwaka wa 1883. Kufikia mwisho wa ufadhili huo, majengo 2,509 yalikuwa yamegharamiwa kwa fedha zake, mengi yakiwa Marekani, Uingereza, Ireland na Kanada. Carnegie alitoa jengo, wala hakutoa vitabu. Mji ulioomba ulipaswa kutoa kiwanja na kuahidi kutenga kila mwaka, kutoka katika kodi, kiasi kisichopungua asilimia 10 ya gharama ya ujenzi. Wapo waliomwona bahili kwa sababu hii. Lakini sharti hilo, kuliko mawe na nguzo, ndilo lililozifanya maktaba hizo kuwa za umma. Mkazi aliyetozwa kodi hakuingia humo kama mwombaji. Aliingia kwake, na msimamizi alikuwa mtumishi wake.

Hata hivyo, haiwezekani kuyasimulia maisha haya bila kufika Homestead. Mwaka wa 1892 mkataba wa wafanyakazi wa kiwanda chake cha Homestead, karibu na Pittsburgh, ulikuwa ukimalizika, na kampuni ikataka kuwapunguzia ujira. Carnegie alikuwa Uskoti. Aliyebaki na amri ni Henry Clay Frick. Tarehe 6 Julai walinzi wa kukodiwa wapatao 300 waliletwa kwa matishari mtoni, mapigano yakazuka, na watu wa pande zote mbili wakauawa. Chama cha wafanyakazi kilivunjwa. Zamu za saa 12 zikawa ndizo kawaida.

Mwaka wa 1898 Carnegie aliufungulia mji huohuo maktaba ya fahari, yenye ukumbi wa muziki na bwawa la kuogelea. Swali la wafanyakazi lilikuwa rahisi, na halikupata jibu la kuridhisha: mtu atokaye tanuruni baada ya saa 12 atasoma saa ngapi? Huko Wheeling, West Virginia, vyama vya wafanyakazi viliupinga msaada wake waziwazi, na mwaka wa 1904 wapiga kura wakaukataa. Hawakuwa maadui wa vitabu, la hasha. Walikumbuka Homestead.

Mlango nao ulikuwa na mambo yake. Maktaba ya Carnegie ya Atlanta ilipofunguliwa mwaka wa 1902, W. E. B. Du Bois na wenzake walikwenda kudai haki ya Waamerika weusi kuitumia, maadamu nao walilipa kodi. Walikataliwa. Tawi la kuwahudumia lilifunguliwa mwaka wa 1921, miaka miwili baada ya Carnegie kufariki huko Lenox, Massachusetts, tarehe 11 Agosti 1919.

Shirika la Carnegie la New York, aliloliunda mwaka wa 1911, liliendelea kutumia mali yake, na mkono wake ukafika Kenya. Maktaba ya McMillan jijini Nairobi, iliyojengwa na Lady Lucie McMillan kwa kumbukumbu ya mumewe na kufunguliwa mwaka wa 1931, ilipata msaada wa shirika hilo. Kwa miaka mingi wasomaji wake walikuwa Wazungu peke yao. Mwafrika wa Nairobi alipita mbele ya simba wawili wa mawe walio mlangoni akaenda zake, hadi miaka ya mwisho ya ukoloni, maktaba ilipowekwa chini ya Baraza la Jiji na kufunguliwa kwa wote. Matawi yake mawili yako Kaloleni na Makadara, mitaa ya wafanyakazi.