Dante: Mkimbizi aliyelala katika ngome za watu

WASAFIRI wengi wanaozuru Italia siku hizi hawaridhiki kuzitazama ngome za kale kwa nje, wapige picha na kwenda zao. Hutaka kulala humo, nyuma ya kuta nene za mawe, na asubuhi wafungue dirisha ambalo zamani lilitumiwa na walinzi kumchungulia adui.

Biashara hiyo imenawiri kwa sababu ngome ni nyingi mno nchini humo na gharama ya kuzitunza ni kubwa. Mwenye ngome ambaye paa lake linavuja na ukuta wake umepasuka hana budi kutafuta njia ya kulipa mafundi, na njia mojawapo ni kuwakodisha wageni vyumba ambamo mababu zake waliishi.

Miongoni mwa majina yanayowavutia wageni hao ni la Dante Alighieri, mtunzi wa utenzi maarufu wa Divina Commedia, ambaye wengi humwita baba wa lugha ya Kiitaliano. Jina lake hutajwa Gargonza, katika eneo la Tuscany, na vilevile Fosdinovo, katika nchi ya vilima iitwayo Lunigiana. Kote kuwili wageni hulala.

Hata hivyo, Dante hakufika katika ngome za Italia kwa matembezi. Alifika akiwa mkimbizi, nyuma yake kukiwa na hukumu ya kuchomwa moto hadi kufa.

Mwana wa Florence

Dante alizaliwa mjini Florence mwaka wa 1265, katika ukoo wa watu wa heshima lakini usio na mali nyingi. Alibatizwa katika jengo la ubatizo la Mtakatifu Yohana, ambalo lingali limesimama katikati ya mji huo.

Florence ya wakati huo ilikuwa dola inayojitawala, yenye wafanyabiashara matajiri na sarafu iliyoaminiwa kote Ulaya. Lakini pia ulikuwa mji wa uhasama. Kulikuwa na Waguelfi, waliomuunga mkono Papa, na Waghibelini, waliomuunga mkono Kaisari wa Dola Takatifu ya Kirumi.

Ukoo wa Dante ulikuwa wa Waguelfi. Mnamo Juni 11, 1289, akiwa kijana wa miaka 24 hivi, alipigana akiwa askari wa farasi katika vita vya Campaldino, ambapo Florence iliwashinda Waghibelini wa Arezzo. Uwanja huo wa vita uko chini ya kilima chenye ngome ya Poppi, mahali ambapo miaka mingi baadaye angerudi akiwa mtu wa kuhifadhiwa.

Alimwoa Gemma Donati na wakajaliwa watoto. Mnamo 1295 alijiandikisha katika chama cha matabibu na wauza dawa, si kwa sababu alikuwa tabibu, bali kwa kuwa sheria ilimtaka mwanasiasa awe mwanachama wa mojawapo ya vyama vya kazi.

Nyota yake ya kisiasa ilipanda upesi. Kuanzia Juni 15 hadi Agosti 15, 1300, alikuwa mmoja wa viongozi sita waliotawala mji, wadhifa ambao ulidumu kwa miezi miwili tu kila awamu.

Kufikia wakati huo, Waguelfi wenyewe walikuwa wamegawanyika na kuwa na mirengo miwili: Weupe na Weusi. Dante alikuwa wa mrengo wa Weupe, uliopinga kuingiliwa kwa Florence na Papa Boniface wa Nane. Ili kutuliza ghasia, viongozi hao sita waliamua kuwafukuza vinara wa pande zote mbili.

Miongoni mwa waliofukuzwa alikuwamo mshairi Guido Cavalcanti, rafiki mkubwa wa Dante. Alipelekwa Sarzana, akaugua huko, akaruhusiwa kurudi nyumbani na kufariki mwezi wa Agosti mwaka huo huo. Hivyo basi, kabla ya kuonja uhamisho, Dante alikuwa ameshiriki kumpeleka sahibu yake uhamishoni.

Hukumu ya moto

Zamu yake haikuchelewa. Mnamo Oktoba 1301 alitumwa Roma pamoja na wajumbe wengine kuzungumza na Papa. Akiwa hayupo, Charles wa Valois, nduguye mfalme wa Ufaransa, aliingia Florence na jeshi lake, na Weusi wakatwaa mamlaka.

Mnamo Januari 27, 1302, Dante alipatikana na hatia ya ufisadi katika utumishi wa umma, mashtaka ambayo wanahistoria wengi huyaona kuwa ya kisiasa. Alitozwa faini ya florini 5,000 na kupewa siku tatu kuilipa, akafukuzwa mjini kwa miaka miwili na kuzuiwa kushika wadhifa wowote maishani.

Hakujitokeza. Mnamo Machi 10 mwaka huo hukumu ya pili ilitolewa: yeye na wenzake 14, wakikamatwa katika ardhi ya Florence, wachomwe moto hadi wafe. Gemma alibaki mjini. Mumewe hakuikanyaga tena Florence.

Hapo ndipo Gargonza inapoingia katika simulizi. Ni kijiji kidogo chenye ukuta na mnara, kilicho juu ya kilima chenye msitu karibu na Monte San Savino, mkoani Arezzo. Kwa mujibu wa Leonardo Bruni, aliyeandika maisha ya Dante mnamo 1436, Weupe waliofukuzwa walikutana huko kupanga namna ya kurudi kwao, na Dante akawa mmoja wa washauri 12 walioteuliwa.

Mipango hiyo haikufua dafu. Dante alitofautiana na wenzake na kujitenga nao, na mnamo Julai 20, 1304, jeshi la wakimbizi lilishindwa vibaya huko La Lastra, karibu kabisa na malango ya Florence.

Gargonza yenyewe ilikaliwa na wakulima kwa karne nyingi. Katika karne ya 20, kilimo cha kugawana mazao na mwenye shamba kilipodidimia na vijana kukimbilia mijini, kijiji kilibaki mahame. Familia iliyokimiliki ilizikarabati nyumba hizo na kuanza kuzipangisha wageni. Chumba anacholala mtalii leo kilikuwa cha mkulima aliyeondoka kutafuta riziki.

Mgeni apewa jembe

Wahenga walituusia kwamba mgeni hukirimiwa siku mbili, na ya tatu hupewa jembe akalime. Dante aliyaishi maneno hayo ingawa hakuwahi kuyasikia. Makabaila waliompa kitanda na chakula walijua ana kalamu na ulimi, na hilo ndilo lililokuwa jembe lake.

Baada ya kuhifadhiwa na Bartolomeo della Scala mjini Verona, alifika Lunigiana kwa ukoo wa Malaspina. Wakuu hao walikuwa na ugomvi wa muda mrefu na Antonio, askofu wa Luni, juu ya ardhi na ngome. Waliamua kumtuma mgeni wao akapatanishe.

Asubuhi ya Oktoba 6, 1306, katika uwanja mmoja mjini Sarzana, Dante aliidhinishwa rasmi kuwa wakili wa Franceschino Malaspina. Siku iyo hiyo alipanda hadi makao ya askofu huko Castelnuovo, na amani ikatiwa saini. Hati za siku hiyo zimehifadhiwa hadi leo, na ni miongoni mwa ushahidi mchache usio na shaka kuhusu alikokuwa Dante baada ya kufukuzwa.

Msomaji atakumbuka kwamba Sarzana ndiko alikougulia Cavalcanti miaka sita awali. Dante sasa alisimama katika mji huo huo, naye akiwa hana kwao.

Fosdinovo haiko mbali na hapo. Ngome yake inakaa juu ya kilima, na baadhi ya vyumba hupokea wageni wanaotaka kulala. Wenyeji husimulia kwamba Dante alilala katika chumba kimojawapo, na kuta za ukumbi mkuu zilichorwa katika karne ya 19 picha zinazoonyesha urafiki wake na ukoo wa Malaspina.

Lakini mgeni anayelala hapo na afahamu kwamba hayo ni mapokeo. Hati za 1306 zinataja Sarzana na Castelnuovo, na ngome ya Fosdinovo iliingia kikamilifu mikononi mwa Malaspina mnamo 1340, miaka 19 baada ya kifo cha Dante. Kwamba aliwahi kupita hapo si jambo lisilowezekana. Kwamba kitanda chake kinajulikana ni jambo jingine.

Lisilo na shaka ni shukrani yake. Katika sehemu ya nane ya Purgatorio, kitabu cha pili cha Divina Commedia kinachosimulia safari ya toharani, Dante anakutana na marehemu Currado Malaspina na kuusifu ukoo huo kwa ukarimu na ushujaa. Ndiyo malipo aliyokuwa nayo.

Karibu na 1311 alikuwa katika bonde la Casentino, mgeni wa wakuu wa ukoo wa Guidi. Huko nako alipewa jembe: barua tatu zilizoandikwa kwa jina la mwenyeji wake, Bibi Gherardesca wa Battifolle, kwenda kwa mke wa Kaisari Henry wa Saba, huaminika kuwa ni kazi ya kalamu yake. Moja iliandikwa katika ngome ya Poppi mnamo Mei 18, 1311.

Akichungulia dirishani hapo, aliweza kuuona uwanja wa Campaldino alikoipigania Florence miaka 22 awali. Ngome ya Poppi leo ni makumbusho na maktaba. Wageni huitembelea mchana na kuondoka.

Alikataa kurudi kwa aibu

Matumaini yote ya Dante yalikuwa kwa Kaisari Henry, ambaye alivuka milima ya Alps akiahidi kuleta amani Italia. Mnamo Agosti 24, 1313, Kaisari huyo alifariki huko Buonconvento, karibu na Siena, na matumaini hayo yakazikwa naye.

Miaka miwili baadaye mlango ulifunguka kidogo. Mnamo 1315 Florence iliwapa wakimbizi wake msamaha kwa masharti: walipe sehemu ya faini, kisha wapelekwe hadharani katika jengo la ubatizo, kama wahalifu wanaotubu, ndipo wasamehewe.

Jengo hilo ndilo alilobatizwa Dante. Alikuwa na umri wa miaka 50, amechoka kulala katika nyumba za watu, na mkewe alikuwa angali hai. Angeweza kuinamisha kichwa kwa saa chache na kukipata tena kitanda chake.

Alikataa. Katika barua kwa rafiki yake mmoja wa Florence alieleza kwamba mtu asiye na hatia hawezi kurudi kwao kwa kujikiri mhalifu, na kwamba kama hakuna njia nyingine ya heshima, basi hataingia Florence kamwe. Mnamo Novemba mwaka huo mji ulimhukumu kifo kwa mara nyingine, safari hii pamoja na wanawe.

Aliendelea kuwa mgeni, kwanza wa Cangrande della Scala huko Verona, kisha wa Guido Novello da Polenta, mtawala wa Ravenna. Huko Ravenna aliukamilisha utenzi wake wenye sehemu 100, alioutunga kwa lugha ya watu wa kawaida ilhali wasomi wa wakati wake waliithamini zaidi Kilatini.

Hata Ravenna jembe halikumtoka mkononi. Mnamo 1321 Guido alimtuma Venice kutuliza mzozo baina ya miji hiyo miwili. Akirejea alishikwa na homa, inayodhaniwa kuwa malaria, na usiku wa kuamkia Septemba 14 akafariki. Alikuwa na umri wa miaka 56.

Mifupa yenye wenyeji wawili

Florence ilipotambua ilichopoteza, ilianza kuidai maiti. Mnamo 1519 Papa Leo wa Kumi, mzaliwa wa Florence, aliruhusu mifupa ihamishwe. Wajumbe walifika Ravenna na kufungua kaburi, wakakuta halina kitu. Watawa walikuwa wameitoa mifupa na kuificha, na haikuonekana tena hadharani hadi 1865, mafundi walipoigundua wakati wa ukarabati.

Katika kanisa la Santa Croce, Florence, kuna kaburi kubwa la Dante lililojengwa mnamo 1829. Ndani yake hamna mtu. Ravenna, kwa upande wake, ina taa inayowaka kaburini, na kila Septemba Florence huleta mafuta ya taa hiyo.

Mnamo Juni 2008, baraza la jiji la Florence lilipiga kura kubatilisha hukumu ya 1302. Madiwani 19 waliunga mkono na watano wakapinga. Miaka 706 ilikuwa imepita.

Mgeni anayelala leo Gargonza au Fosdinovo hulipa kwa pesa, na kulipokucha hurudisha ufunguo na kushika njia ya kwao. Dante alilipa kwa barua, kwa ujumbe wa amani na kwa sifa alizoziandika zikadumu kuliko kuta. Kitanda kimoja tu ndicho alichokataa kukinunua, kile cha kwao, kwa kuwa bei yake ilikuwa ni kukiri kosa ambalo hakulitenda.