Al-Jazari, Fundi wa Amid



Ndugu msomaji, Idi iliyopita vijana wetu wa uhandisi waliapa kwamba Jumuiya haitanunua aiskrimu, itatengeneza yake. Walipata ndoo, mkebe wa kuzunguka ndani yake, barafu na chumvi, na injini ndogo ya pampu ya maji. Mwendo wa injini waliupunguza kwa mikanda na puli. Kazi iliyobaki ilionekana ndogo: kuunganisha shafti ya puli na shafti ya mkebe. Wakachukua kipande cha bomba, wakakichomelea pande zote mbili. Ndoo ilitetemeka tangu mwanzo. Maziwa yalipoanza kuganda na mzigo kuwa mzito, pale palipochomelewa pakakatika, na watoto wakanywa maziwa baridi. Shafti hazikuwa zimenyooka sawasawa, na kiungo kigumu hakivumilii hata kosa la unene wa ukucha.

Jioni ile nilimkumbuka mtu ambaye tungepaswa kumsoma kabla ya kuwasha injini.

Jina lake ni Ismail ibn ar-Razzaz al-Jazari, aliyepewa lakabu ya Badi' az-Zaman, yaani ajabu ya zama zake. Nisba yake inamrudisha al-Jazira, nchi ya juu kati ya mito ya Dijla na Furati. Habari za utoto wake hazikuandikwa. Tunalojua kumhusu latoka kwenye kitabu chake mwenyewe. Mwaka 570 Hijria, ambao ni sawa na 1174 hadi 1175 Miladia, aliingia katika utumishi wa wafalme wa ukoo wa Artuq. Alimtumikia baba, kisha mwana, kisha mwana mwingine, Nasir ad-Din Mahmud. Makao yao yakawa Amid, mji ambao leo ni Diyarbakir nchini Uturuki, na ambao Salahuddin al-Ayyubi aliuteka mwaka 1183 akawakabidhi. Sote tunamjua Salahuddin. Fundi aliyeishi zama zake, akishika patasi na kuyeyusha shaba karibu na mto Dijla, wachache wetu wamewahi kumsikia.

Alikuwa amekwisha kutumikia miaka 25 mfalme alipoona moja ya kazi zake na kuingiwa na hofu kwamba ujuzi ule ungepotea. Akamwamuru aandike. Kitabu kilikamilika mwaka 602 Hijria, yaani 1206, kikiwa na vyombo 50 katika sehemu sita: saa za maji na za mishumaa, vyombo vya karamu, mabirika na mabeseni, chemchemi, mitambo ya kupandisha maji, na mengineyo, likiwemo kufuli la kufunguliwa kwa herufi.

Tuseme ukweli: sehemu ya pili imejaa vyombo vya vinywaji vya ikulu, na hatuna sababu ya kumfanya fundi wa mfalme kuwa sheikh. Lakini katika kitabu hicho tunamkuta mfalme ambaye hakupenda mtumishi ammiminie maji ya udhu, na al-Jazari akamtengenezea chombo cha kummiminia. Kingine kina umbo la tausi: maji yakishafika kiasi fulani katika beseni, sanamu moja inajitokeza na unga wa kunawia, kisha nyingine inakuja na taulo. Mwendo wote huo ulitokana na maboya na uzito wa maji tu.

Kwangu mimi utamu uko sehemu ya tano, kwenye pampu. Gurudumu linasukumwa na maji ya mto. Mhimili wake unazungusha gurudumu la meno lililosimama, nalo linazungusha jingine lililolala. Juu ya hilo lililolala, karibu na ukingo, kuna kigingi. Mtihani ni huu: kigingi kinakwenda duara, lakini pistoni mbili za shaba, zilizozungushiwa katani zisivujishe, zinatakiwa kwenda mbele na kurudi nyuma. Utaviunganishaje vitu viwili ambavyo njia zao hazilingani?

Angetoboa tundu la mviringo kwenye fimbo na kukiingiza kigingi humo, mtambo ungekwama kabla ya kumaliza mzunguko mmoja, kwa kuwa fimbo imeshikiliwa mwisho wake na kigingi kinasogea karibu na mbali na mwisho huo. Yeye alikata upenyo mrefu. Kigingi kinateleza ndani ya upenyo, fimbo inayumba kulia na kushoto, na pistoni zinafuata: moja ikivuta maji, nyenzake inayasukuma juu. Vijiti vya pistoni navyo alivifunga kwa pete ili viweze kucheza. Nguvu yote inapita, na hakuna kinachovunjika.

Hakufika hapo kwa kubahatisha. Aliwasoma waliomtangulia, wakiwemo Banu Musa wa Baghdad, akawataja kwa heshima. Lakini hakuridhika na elimu ya ufundi isiyojaribiwa kwa mkono. Alitengeneza vielelezo vya karatasi kabla ya kukata chuma. Aligandisha mbao tabaka kwa tabaka zisipinde, na alisaga vali na makalio yake pamoja kwa unga wa msasa hadi zikazuia maji. Vipimo aliandika kimoja kimoja, pamoja na michoro yenye herufi, kwa nia kwamba fundi mwingine aweze kujenga bila yeye kuwepo. Mwaka 1974 Donald Hill alikitafsiri kitabu kwa Kiingereza, na miaka miwili baadaye saa yake kubwa ya maji ikajengwa upya London kwa kufuata maelezo yale. Ilifanya kazi.

Vijana wetu nao wamerudi gereji. Safari hii fundi amewauzia kapulingi ya vipande viwili vyenye meno, katikati ina mpira unaokubali shafti kupishana kidogo. Amewaonya kwamba mpira si dawa ya uvivu: kwanza wapange shafti kwa rula na uzi, ndipo wakaze boliti. Pia wameweka pini laini itakayokatika yenyewe mkebe ukiganda mno, ili injini isalimike. Pini moja ya akiba iko kwa mweka hazina.