Fumo Liyongo: shujaa wa Ozi anayesomwa hadi Kakamega

Mwanafunzi wa sekondari kule Kakamega, ambaye huenda hajapata kuiona bahari, anamjua Fumo Liyongo. Hukutana naye katika somo la Kiswahili, kwenye fasihi simulizi, chini ya kichwa cha mighani. Anajua sindano ya shaba, anajua mkate wa wishwa. Lakini hapa kwetu, kuanzia Kipini hadi Vanga, ni watoto wangapi wanaoweza kumsimulia kwa ukamilifu? Ndugu msomaji, tuanze na maisha yake, kisha tuzungumze.

Liyongo ni mtu wa upande wa Ozi na Shaka, kwenye mdomo wa Mto Tana. Fumo ni mkuki, na pia ni lakabu ya utawala. Masultani kadhaa wa Pate waliitwa hivyo. Wataalamu hawajaafikiana aliishi lini: wapo wanaomrudisha nyuma sana, hata kabla ya karne ya 13, na wapo wanaomleta mbele hadi ya 16 au 17. Kwa wazee wetu hilo halikuwa na uzito. Walimjua kuwa ni mrefu kupita watu wote, mpigaji mata asiyekosa shabaha, na malenga wa gungu.

Wagalla walipokuja Pate kununua chakula, sultani aliwasifia Liyongo. Wakataka kumwona. Alikuja amebeba mkoba, akapuliza panda mpaka mji mzima ukaingiwa na hofu. Mkobani akatoa kinu, mchi, jiwe la kusagia, vyungu na mafiga. Wagalla wakaomba wapate mbegu yake, naye akaozwa binti yao, akazaliwa mtoto wa kiume.

Sifa hizo ndizo zilizomponza. Sultani aliogopa ufalme wake. Kwanza watu walipangwa waende kula makoma, kila mtu apande mkoma kwa zamu, na zamu ya Liyongo ikifika wampige mishale akiwa juu. Yeye hakupanda. Aliziangusha koma kwa mishale, wakala wote wakashiba. Hila ikaharibika.

Baadaye alitiwa gerezani. Mama yake alimpelekea chakula kwa mkono wa kijakazi Saada, na walinzi wakawa wanakila kizuri wao. Liyongo akatunga maneno ya kumpa Saada, yanayosikika kama wimbo tu: mama afanye mkate wa wishwa, na ndani yake atie tupa. Walinzi waliudharau mkate wa wishwa, ukamfikia. Kisha akaomba apigiwe gungu. Watu walipokuwa wakicheza, na matari na matoazi yakivuma, yeye alikuwa akikereza minyororo. Akatoka, akaingia mwituni.

Kilichomuua ni damu yake mwenyewe. Mwanawe aliahidiwa cheo na binti wa sultani, akamhoji baba siri ya kifo chake. Liyongo alitambua kuna jambo, lakini alimwambia: ni sindano ya shaba, ikichomwa kitovuni. Kijana akamchoma usingizini. Liyongo akaamka, akashika uta, akaenda kisimani, akapiga goti na mshale ukiwa tayari, akakata roho hivyo hivyo. Siku kadhaa hakuna aliyethubutu kuteka maji, wakidhani yu hai, hata mama yake alipokuja kumbembeleza na mwili ukaanguka. Mwana hakupewa alichoahidiwa. Alifukuzwa kwa aibu. Kipini hadi leo wanaonyesha kaburi linalosemwa ni la Liyongo.

Kisa hiki kiliandikwa kwa sababu wapo walioona kitapotea. Edward Steere alikichapisha mwaka 1870 kwenye kitabu chake cha hadithi za Waswahili. Mwaka 1913 Muhamadi Kijuma wa Lamu akakiandika kama utendi, na huo ndio unaosomwa na wengi.

Sasa, mwalimu wa Kakamega hufanya nini nacho? Akiwa hodari, humweka Liyongo kando ya Luanda Magere wa Wajaluo, jirani zao. Mmoja siri yake ni kitovu, mwingine ni kivuli. Mmoja kasalitiwa na mwana, mwingine na mke. Hapo mtoto anajifunza kulinganisha, na kulinganisha ndiko kusoma kwenyewe. Na Mumias, hapo hapo Kakamega, misafara ya Waswahili ilifika karne ya 19 ikitafuta pembe za ndovu. Kiswahili si mgeni huko.

Sisi tuna zaidi ya hayo, na hatukitumii. Mtoto wa Lamu aweza kupelekwa Shanga, kisiwani Pate, ambako wachimbaji walikuta mabaki ya msikiti wa karne ya 8. Aweza kupelekwa Ungwana, karibu na Kipini, aone kuta. Aulizwe: kwa nini Wagalla walikuja mjini kununua chakula? Hapo ameingia katika biashara ya bara na pwani. Kwa nini ahadi ya sultani haikutimizwa? Hapo ameingia katika siasa. Aambiwe aandike jibu kwa Kiswahili chake, na bibi yake amsomee alivyosikia yeye. Historia na kusoma vitakuwa vimeingia kwa mlango mmoja.

Si dhambi Kakamega kumjua Liyongo. Ni fahari yetu. Dhambi ni mtoto wa Kipini kumjua kwa ajili ya mtihani tu, ilhali kaburi liko nyuma ya nyumba yao. Walimu wa madrasa na wa skuli, wazazi, na wale wenye miswada majumbani: kitabu kifunguliwe, na wazee waitwe darasani wangali hai.